Msiilaumu Mvua, Tazameni Dishi

Kila masika nyumba nyingi za wafanyakazi katika Dar es Salaam hupatwa na jambo moja. Saa mbili ya usiku yafika, watu wameketi kungojea taarifa ya habari, manyunyu yaanza kugonga bati, na mara picha yavunjika vipande vipande, kisha kioo kikawa cheusi. Mwenye nyumba husema, "Ni mvua," akaenda kulala. Hapana shaka mvua inayo sehemu yake katika shauri hili, lakini mara nyingi husingiziwa.

Jirani yetu mmoja, mfanyakazi wa bandarini, aliishi hivyo kwa majuma matatu, kisha akamwita fundi. Fundi yule hakutazama hata juu ya paa. Alitikisa kichwa, akasema king'amuzi kimekufa, hakina budi kununuliwa kingine. Fedha zilizowekwa kwa sare za watoto zikatumika. Mvua iliyofuata, picha ikapotea vile vile. Hatimaye mtu mmoja alishika mlingoti wa dishi, nao ukacheza kama jino bovu. Nati mbili zilikuwa zimelegea. Kazi ya spana na robo saa ilikuwa imemla maskini yule mshahara.

Yafaa tufahamu sababu. Setilaiti imesimama juu ya ikweta, mbali nasi kwa kilomita zipatazo 36,000, na mawimbi yake yafikapo hapa ni dhaifu mno. Kazi ya dishi ni kuyakusanya na kuyaelekeza kwenye kile kichwa kidogo kilicho mbele yake. Dishi la upana wa sentimita 90 likipotoka kwa nyuzi moja tu, yaani ukingo wake ukisogea kiasi cha sentimita moja, hupoteza karibu nusu ya mawimbi hayo. Siku ya jua nusu iliyobaki yaweza kutosha, na mwenye nyumba hajui kitu. Mvua ikija hula ile akiba ndogo, picha ikakatika. Ni sawa na mtu asiye na akiba ya fedha: umaskini wake haujulikani mpaka siku ya ugonjwa.

Basi, mvua kubwa ikikata picha na kuirudisha ipunguapo, hilo ni jambo la kawaida. Lakini manyunyu yakiikata, ugonjwa uko nyumbani kwako. Ufuate kwa utaratibu.

Kwanza, muulize jirani anayetumia setilaiti ile ile. Naye akiwa hana picha, ngoja. Kosa si lako.

Pili, fungua katika king'amuzi ule ukurasa unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Vyote viwili vikiwa sifuri, shuku waya uliokatika au kichwa kilichokufa. Nguvu ikiwa nyingi na ubora haba, shuku dishi lililopotoka, au kitu kilicholiziba.

Tatu, zima king'amuzi, uchomoe umeme wake, ndipo ukague waya. Maji hupenda kuingia pale waya unapoungana na kichwa cha dishi, na shaba ikashika kutu ya kijani. Kata sehemu iliyooza, unganisha upya, uzungushie utepe, kisha acha waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke nje.

Nne, tazama miti. Mwembe uliokuwa mche siku dishi lilipofungwa huenda leo umetanda mbele yake, na majani mabichi huzuia mawimbi.

Mwisho, shika dishi lenyewe. Likicheza, tia alama ya rangi mahali lilipo kabla ya kulegeza nati yo yote. Mtu mmoja alisogeze kidogo kidogo, akitua kila mara, na mwenzake ndani ataje ubora uonekanao. Ukifika juu kabisa, kaza.

Kuna neno moja zaidi. Usipande juu ya paa lililolowa, wala wakati wa radi, wala karibu na nyaya za umeme, wala peke yako. Hakuna taarifa ya habari iliyo na thamani ya uti wa mgongo wa baba wa watoto.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatusemi mafundi wote ni walaghai, la hasha. Wako wengi waaminifu, na kazi ngumu ni yao. Lakini mwenye nyumba aliyekwisha kutazama nati, waya na mti, hata akimwita fundi, humwita akijua la kumwuliza, wala hatauziwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.