Kumtafuta Babu wa Nachingwea kwenye Makabati ya London

Mwingereza ambaye babu yake alikuja Nachingwea mwaka 1948 kuendesha katapila kwenye mradi wa karanga hana kazi ngumu akitaka kumjua. Orodha za abiria waliosafiri kwa meli kutoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960 zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, nje kidogo ya katikati ya London, katika fungu linaloitwa BT 27, na humo mna jina la abiria, umri, kazi na anwani yake. Sensa ya England na Wales ya 1921 ilifunguliwa kwa wananchi Januari 2022. Atamkuta babu huyo mtoto mdogo, pamoja na wazazi wake na kazi ya baba yake. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo vinaagizwa kwa ada. Sasa mchukue Mmwera wa Ruangwa aliyekuwa akifyeka mapori mbele ya katapila hilo hilo. Katika majalada ya mradi yeye ni sehemu ya hesabu tu: vibarua kadhaa, mishahara kiasi fulani, wagonjwa kadhaa. Mgeni aliyekaa miaka mitatu ameacha alama nyingi kuliko mwenyeji aliyezaliwa na kuzikwa pale pale.

Wengi wakishaliona hilo husema basi, nyaraka za Waingereza hazituhusu. Nadhani wanakata tamaa mapema. Jina la babu kwa kawaida tunalo nyumbani, pamoja na habari zake nusunusu: alipigana vita, alifanya kazi karanga, alihama. Tunachokosa ni mwaka na mahali, na Kew kumejaa miaka na mahali. Anayekwenda kule kutafuta jina atarudi mikono mitupu, lakini anayekwenda na simulizi ya wazee atarudi na kalenda ya kuipangia simulizi hiyo.

Karanga zenyewe ni mfano mzuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe wake ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na kurudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, kazi ikaanza 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Hadi vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Kwa upande wa kusini ilibidi kwanza ijengwe reli ya kutoka pwani na bandari mpya Mtwara, yote kwa ajili ya zao ambalo halikuota kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Januari 1951 serikali ya London ilikubali hasara ya pauni milioni 36 hivi, na kilichobaki kikaja kukabidhiwa kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Reli haikufika mbali katika uhuru. Mapema miaka ya 1960 ilifungwa. Kwa kuwa fedha zilizopotea zilikuwa za walipakodi wa Uingereza, wabunge wao waliuliza maswali mpaka wakachoka, na majibu yamechapishwa kwenye kumbukumbu za Bunge ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bure.

Tuseme bibi mmoja wa Nachingwea anasema alizaliwa baba yake akiwa anatandika reli, na kwamba mdogo wake alizaliwa Wazungu walipokwisha ondoka. Hana cheti. Ukiziweka kauli hizo mbili juu ya majalada ya mradi, kuzaliwa kwake kunabanwa kwenye miaka miwili au mitatu ya mwisho wa miaka ya 1940, na kwa mdogo wake unapata mwaka ambao hawezi kuwa amezaliwa kabla yake. Huo ni ushahidi wa kweli, na London isingeweza kuutoa bila bibi, kama vile bibi asingeweza kuutoa bila London.

Vivyo hivyo kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Oktoba 1917 vikosi vya Waingereza viliiteka Ruponda, ambayo leo iko Wilaya ya Nachingwea, na Wajerumani wakapoteza hapo ghala la chakula. Siku chache baadaye, tarehe 15 hadi 18, yalipiganwa mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, miongoni mwa yaliyoua watu wengi kuliko yote Afrika Mashariki. Novemba kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka mto Ruvuma. Shajara za vita za vikosi vya Uingereza, fungu WO 95, zinaeleza siku kwa siku nani alipiga kambi wapi, maji yalipatikana kisima kipi, chakula kilichukuliwa kijiji gani. Mzee anayesimulia kwamba ukoo wao ulikimbilia porini askari walipokula mtama wote wa ghalani anaweza kupata tarehe ya mkasa huo kwa kukosea wiki moja au mbili. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hilo, hata hivyo, hatawapata kwa majina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa nini majina hayapo? Si kwa sababu karani alikuwa mvivu. Serikali ya kikoloni ilimwandika mtu pale ilipomhitaji, na Mwafrika wa kijijini ilimhitaji kama mlipa kodi na kama nguvukazi. Sheria ya vizazi na vifo haikumlazimisha kuandikisha mtoto. Kodi ya kichwa ililazimishwa, kwa hiyo madaftari yaliyokuwa na majina yalikuwa ya kodi, na hayo yalikaa kwa liwali na kwenye boma. London ilipelekewa jumla tu. Pale Mwafrika aliposhika kalamu mwenyewe mambo yalibadilika: maombi yaliyopelekwa Umoja wa Mataifa wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini yana majina ya waliolalamika, kama ilivyokuwa kwa Wameru waliopinga kunyang'anywa ardhi, ambao mjumbe wao Kirilo Japhet alisimama New York mwaka 1952.

Kwa hiyo daftari la majina litafutwe karibu na nyumbani. Misheni za Wabenedikto, Ndanda, Lukuledi na Mnero, na zile za Waanglikana upande wa Masasi, ziliandika ubatizo na ndoa: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, kijiji, tarehe. Familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, hazina daftari la namna hiyo na hutegemea zaidi wazee na kumbukumbu za mashauri ya mirathi. Baada ya hapo ndiyo inakuja Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, penye majalada ya maboma na vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika historia za koo, mipaka na ugomvi wa madaraka. Jambo moja la kukumbuka dirishani: Ruangwa ni wilaya ya juzi, ya miaka ya 1990, na Nachingwea ni jina lililokua pamoja na karanga. Ukitafuta ya zamani, omba Lindi na Masasi.

Hapa pana mtego ambao hauzungumzwi vya kutosha. Fomu ya mkoloni iliuliza jina la baba. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde kwa asili walihesabu ukoo kwa mama; mwenye sauti juu ya watoto alikuwa mjomba, na mali ilishuka kwa mpwa. Anayefuata karatasi anapanda mti wa baba, wakati wazee wanamsimulia mti wa mama, kisha anashangaa kwa nini miti hiyo haikutani. Isitoshe, kijana akitoka jandoni aliacha jina la utotoni na kuchukua jingine, na akisilimu au akibatizwa alipata la tatu. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye daftari la kodi, la misheni na la shamba la mkonge kwa majina matatu tofauti, kila moja limeandikwa na karani aliyesikia vibaya. Dawa yake ni kuuliza kwanza nyumbani majina yote ya mtu, na jina la mjomba wake, kabla ya kugusa jalada lolote.

Wapo watakaosema nyaraka za maana zilichomwa au zilifichwa. Wana hoja. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine zikateketezwa, nyingine zikasafirishwa, na dunia ikaja kujua mwaka 2011 tu, kwa kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya mjini London, kwamba zilikuwa zimefungiwa katika kituo cha serikali ya Uingereza cha Hanslope Park. Sasa ziko Kew, fungu FCO 141, za Tanganyika zikiwemo. Ila zilichaguliwa kwa kipimo cha siasa na usalama: vyama, watoa habari, migomo. Daftari la kodi la kijijini halikumwaibisha Malkia, na kama limepotea, mchwa na paa linalovuja ni washukiwa wa karibu zaidi.

Wengine watasema mkoloni aliandika uongo. Aliandika, hasa alipoeleza kwa nini watu wamekataa kazi au kwa nini mavuno ni haba. Hapo utasoma uvivu wa mwenyeji kwanza, na ugumu wa udongo baadaye. Lakini sehemu hiyo ya maelezo mtafuta ukoo anaweza kuiruka. Siku meli ilipotia nanga, maili ya reli iliyofikiwa, mto uliovukwa, havikuwa vitu vyenye faida kubwa kuvidanganyia, tena vilikaguliwa na mhasibu aliyekuwa akitafuta kosa.

Kuna nyaraka nyingine ambazo watu wa kusini wangezithamini kuliko zote kama zingejulikana zaidi: ramani na picha za anga. Idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 ilipiga picha nchi hizi kutoka angani na kuchora ramani zenye njia za miguu, visima na majina ya vitongoji. Picha hizo leo ziko Edinburgh, Scotland. Umuhimu wake unatokana na miaka ya 1970, pale operesheni ya vijiji ilipowakusanya watu kando ya barabara na kuacha nyuma mahame, makaburi na miembe. Wajukuu wengi wa Nachingwea na Ruangwa wanajua jina la hame la ukoo wao bila kujua lilipo. Kwenye karatasi ya ramani ya kabla ya operesheni hiyo, jina hilo linaweza kuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kando ya kijito, kwa tahajia ya ajabu, na umbali wake kutoka barabara ya leo unapimika kwa rula.