Jenereta ya kVA 100 ikifika Babati, sio kVA 100 tena

Swali la haraka: jenereta ipi inakosa hewa zaidi, iliyoko Muscat, Oman, kwenye joto la nyuzi 45, au iliyoko Babati kwenye nyuzi 25? Wengi tungesema ya Muscat. Sivyo.

Injini ya dizeli inahitaji oksijeni ili ichome mafuta. Joto hutanua hewa: kwa nyuzi 45, kila lita ya hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 6 kuliko kwa nyuzi 25. Mwinuko nao unapunguza hewa. Babati iko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na hapa upungufu unafika kama asilimia 14.

Namba ya kwenye kibati cha jenereta kwa kawaida ni ya nyuzi 25, karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo injini ya kVA 100 isiyo na tabo, hapa itegemee kama 85 hivi. Yenye tabo hupoteza kidogo, maana inasukumiwa hewa.

Sasa chukua mwenye mashine ya kukamua alizeti aliyenunua jenereta inayotosha kwenye karatasi tu. Umeme umekatika, anawasha. Mota ikianza inaweza kuvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida. Moshi mweusi, injini inazima, mbegu zimebaki kwenye magunia na wateja wanasubiri.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji: hapa Babati itatoa ngapi?