Programu Ikatae au Ikubali? Namba za Tunda (Sehemu ya Pili)

Mtu akiitumia programu vibaya, kwa uzembe au kwa hila, fundi aliyeitengeneza amzuie au amvumilie?

Ubishi huu una miaka. Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliandika kwamba programu iwe makini katika inachotuma na ikarimu inachopokea. Intaneti ikastawi kwa ukarimu huo. Lakini miaka ya 1990 vivinjari vilipokea kurasa zilizoandikwa ovyo, vikaziremba kimyakimya, na kila kivinjari kipya kikalazimika kujifunza uovyo ule ule. Wakali wakaleta XHTML, lugha kali ya kuandikia kurasa, mwaka 2000: alama moja ikisahaulika, ukurasa haufunguki. Watu wakaikimbia, mwaka 2009 W3C, shirika la viwango vya wavuti, likatangaza kusitisha toleo lake la pili.

Sasa twende Tunda, mojawapo ya zoni 18 za afya za jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila mwezi vituo hujaza kanevasi, yaani fomu ya ripoti ya karatasi, na namba zake huishia ndani ya DHIS2, programu huria iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda zote zinaitumia.

Chanjo ya penta hutolewa mara tatu, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Fundi aliye mbali ataona ni busara kuweka kanuni: dozi za tatu zisizidi za kwanza. Nani atabisha? Ila tuchukue kituo kilichoishiwa chanjo. Shehena ikifika, watoto walioanza zamani wanarudi kwa wingi kumalizia, wapya ni wachache. Tuseme ripoti inasema dozi za kwanza 12, za tatu 31. Ni kweli tupu, na programu kali itaikataa. Mwingizaji data ana rundo la karatasi mezani na betri inakwisha. Ataandika 31 na 31. Uongo umevuka forodha ukiwa na muhuri, na hakuna mkaguzi atakayeushtukia, maana namba zinalingana.

Uvumilivu nao una wateja wake wabaya. Mahali ambapo kituo hulipwa kwa idadi ya huduma, kuongeza namba ni faida, na programu inayojirekebishia mambo kimya humfutia mwizi nyayo. Mwaka 2023 Martin Thomson na David Schinazi walichapisha waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 9413, wakionya kwamba kosa likivumiliwa bila kusemwa hugeuka desturi.

DHIS2 imegawa kazi, na mimi naiunga mkono. Ukiandika herufi kwenye kisanduku cha namba, inakataa papo hapo; hilo halihitaji mtu wa Tunda kulithibitisha. Ukiandika 12 na 31, kwa kawaida inakuonya tu, inakupa nafasi ya kuandika maelezo, na inatunza historia ya mabadiliko: nani alibadilisha nini, lini. Msimamizi wa mfumo anaweza kuikaza, ripoti isifungwe hadi kanuni zote zitimie. Ningemsihi asiguse swichi hiyo kwa chanjo.

Kinachonisumbua zaidi ni sifuri. Isipoagizwa vinginevyo, programu hii haihifadhi sifuri, hivyo kisanduku cha kituo kisicho na mgonjwa wa surua na cha kituo kilichosahau kukijaza vyote hubaki vitupu. Hilo tutalichambua wiki ijayo.