Kwa nini watu wanarudia muvi za mapenzi za Krismasi wakati mwisho wanaujua?

Desemba 2017, Netflix waliandika utani kwenye ukurasa wao wa Twitter. Walisema kuna watu 53 wameitazama muvi ya A Christmas Prince kila siku kwa siku 18 mfululizo, kisha wakawauliza watu hao: nani aliwaumiza?

Wengi walicheka. Wengine walikasirika, maana kumbe kampuni inajua unachotazama usiku ukiwa peke yako. Ila swali lenyewe likapita hivihivi. Mtu mzima mwenye akili zake anatafuta nini kwenye muvi ambayo mwisho wake anaujua hata kabla haijaanza?

Tujaribu kulijibu.

Ni muvi gani hizi?

Kama unatumia Netflix au una king'amuzi chenye chaneli za nje, umeshakutana nazo. Mabango yake yanafanana: mwanamke kavaa nyekundu, mwanaume kavaa kijani, nyuma yao mti wa Krismasi na theluji.

Kwao ni Marekani, na jina kubwa ni Hallmark Channel. Wenye chaneli hiyo ni Hallmark, kampuni iliyoanza mwaka 1910 kwa kuuza postikadi na baadaye ikatajirika kwa kadi za salamu. Mwaka 2009 chaneli ilianzisha msimu wake wa muvi za sikukuu, Countdown to Christmas. Siku hizi msimu huo unaanza Oktoba, na kuna miaka muvi mpya zimefika 40. Lifetime, Great American Family na Netflix nao wamo kwenye biashara hiyohiyo.

Hadithi ni ileile

Dada wa mjini ana kazi kubwa, simu haimtoki mkononi, na mchumba wake hana muda naye. Anarudi kwao, mji mdogo, labda kwa sababu duka la familia linakaribia kufungwa. Huko anakutana na kaka mwenye shati la drafti anayeuza miti ya Krismasi. Mara nyingi ni mgane, na ana mtoto mmoja mwenye maneno mengi.

Wanagombana. Wanaoka biskuti. Wanakaribia kubusiana, mtu anawakatiza. Karibu na mwisho kunatokea kutoelewana ambako kungeisha kwa kupigiana simu dakika moja. Mkesha wa Krismasi theluji inaanguka, wanabusiana, imeisha.

Tuliokulia kwenye muvi za mapigano tunajua kwamba steringi hafi. Huku steringi hata mafua hapati, pamoja na baridi yote ile.

Kufanana huko kuna sababu. Muvi ya chaneli hupangiwa saa mbili pamoja na matangazo, kwa hiyo yenyewe haifiki dakika 90, tena inakatwakatwa. Waandishi wanajua mtazamaji anafunga zawadi, anapika, anaitwa mlangoni. Akirudi lazima aelewe palepale kinachoendelea.

Bajeti nayo ni ndogo. Nyingi hupigwa Canada, ambako serikali huwapunguzia watayarishaji kodi, na kazi huisha ndani ya wiki mbili tatu. Mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario, umeonekana kwenye muvi nyingi za aina hii. Na mara nyingi hupigwa majira ya joto. Lile koti zito unaloliona, mwenzako analoa jasho ndani yake, na theluji ni povu, karatasi au barafu iliyosagwa.

Sasa kwa nini zinashika?

Jibu la haraka ni mapenzi. Mimi sidhani.

Zitazame tena na utaona karibu kila moja ina mtu aliyekufa. Mama wa yule dada alishafariki, na biskuti zile zilikuwa zake. Au baba amekufa na duka ni lake. Kaka wa shati la drafti hajaweka mti wa Krismasi tangu mkewe aondoke duniani. Hata kwenye A Christmas Prince, Amber alimpoteza mama yake, na mwana wa mfalme anaomboleza baba yake.

Kwa maneno mengine, hizi ni muvi za msiba zilizofungwa kwa karatasi ya zawadi. Na sikukuu ndiyo siku ambayo kiti kitupu kinaonekana zaidi. Mtu mwenye kiti kitupu nyumbani hahitaji kushtukizwa na hadithi. Anataka dakika 90 ambazo kwa uhakika hakuna simu itakayoingia na habari mbaya.

Nimelijua hili Krismasi iliyopita. Nilikuwa zamu, nikarudi chumbani saa nne usiku, nyumbani wameshakula wamelala. Nikafungua moja kwenye simu, bando lenyewe la kubana. Nilikuwa nacheka maigizo yale mpaka mama wa steringi alipofungua mlango na kumkumbatia mwanawe bila kuuliza chochote. Nikalia. Muvi ilikuwa mbovu, na nililia.

Zinakwama wapi?

Zinakwama palepale zinapovutia: hakuna anayelipia kitu.

Kwanza, pesa. Duka la familia linakaribia kufungwa, halafu linaokolewa na tamasha la jioni moja. Deni la miaka linaishia kwenye bakuli la michango. Na dada anarudi kwao bila mtu kumuuliza, "Umetuletea nini?" Anayepanda basi kwenda Moshi mwezi wa 12 anajua kurudi nyumbani kunaanza na nauli, kunafuatiwa na zawadi, na kunamalizika kwa mjomba mwenye shida ya faragha.

Pili, kazi. Kwenye muvi nyingi za aina hii, kazi ya mwanamke ndiyo ugonjwa na mwanaume wa mji mdogo ndiye dawa. Anaacha cheo alichokisotea miaka kumi kwa mtu aliyemjua siku tisa. Kaka yeye hahami, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Hapa nina kinyongo binafsi. Amber wa A Christmas Prince ni mwandishi wa habari. Anaingia ikulu kwa kujifanya mwalimu wa binti wa mfalme, anakuta nyaraka za siri za familia na kuondoka nazo. Mhariri anapomkatalia habari aliyoandika, anaacha kazi. Kwenye chumba cha habari ninachokijua mimi, ungeitwa ujieleze. Yeye anavalishwa pete, na zikafuata muvi nyingine mbili.

Tatu, sura. Kwa miaka mingi wahusika wakuu walikuwa karibu wote Wazungu, na mtu mweusi alibaki kuwa rafiki mwenye ushauri mzuri. Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2018, kwa mfano, Hallmark walimpa Tatyana Ali nafasi ya mbele kwenye Christmas Everlasting.

Nne, na kwangu ndiyo kubwa, ni huo msiba wenyewe. Huzuni ya miaka inaisha tarehe 24 Desemba kwa sababu mtu kakubali kupamba mti. Aliyefiwa anajua haiendi hivyo. Tarehe 26 kiti bado kitupu. Muvi inakufariji, kisha bila kusema inakuacha na swali baya: mbona wewe hujapona?

Waafrika wakiishika hadithi hii

Hapo ndipo inapopata uzito. Kwenye A Naija Christmas ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Kunle Afolayan wa Nigeria, mama mzazi anawabana wanawe watatu walete mke nyumbani. How to Ruin Christmas ya Afrika Kusini, iliyoanza 2020, inamrudisha binti nyumbani na moja kwa moja anaharibu harusi ya mdogo wake.

Bado kuna vichekesho na mwisho mwema, lakini familia inadai, inasema na inakasirika. Ukirudi nyumbani, kuna bili. Ndiyo maana kukumbatiana kwa mwishoni kunaonekana kumegharimu kitu.

Kwa hiyo tuache kuzitazama?

Hapana. Chai ya rangi haina virutubisho vingi na bado tunainywa kila jioni. Muhimu ni kujua unachokunywa. Muvi hizi zinafaa kumsindikiza mtu usiku mmoja mgumu. Hazifai kuwa kipimo cha familia yako, cha kazi yako, wala cha muda unaopaswa kuomboleza.

Na kwa wale watu 53, pengine hakuna aliyewaumiza kwa ubaya. Pengine walikuwa na mtu wa kumkumbuka, na kwa siku 18 wakapata mahali ambapo mlango ukigongwa, anayeingia ni mtu mwema.

Kama unamjua mtu wa namna hiyo Desemba hii, usimtanie. Mpigie simu.