Je, Wajua? Mpira wa noti unaweza kung'oa jino zima

Mpira ule mwembamba unaofunga mabulungutu ya faranga katika soko la Kenya, mjini Lubumbashi, unaweza kung'oa jino lisilo na tundu hata moja. Anayetaka kuziba mwanya huyavisha mpira huo meno mawili ya mbele. Mzizi wa jino umechongoka, basi mpira huteleza chini ya ufizi, ukapanda taratibu na kukata nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa. Mwanya hufungika kweli. Kisha meno yenyewe hulegea, yakaanguka.

Mtoto wa miaka 8 mwenye mwanya? Mwache kwanza. Mara nyingi mwanya hujifunga chonge za juu zikiota, kwenye miaka 11 au 12.

Mtu mzima anaweza kujaziwa rezini ya rangi ya jino, mara nyingi kwa siku moja. Vyuma vya kusogeza meno huchukua miezi: mfupa huliwa upande mmoja wa jino, ukajengwa upande wa pili. Vikitolewa pasipo waya wa kuyashikilia meno kwa nyuma, mwanya hurudi.

Na kabla hujalipa, ujue kwamba Nigeria wapo wanaomlipa daktari awachonge mwanya.