Kuhamia Sumbawanga: Umbali una faida na hasara

Mtu anayekusudia kuhama Dar es Salaam kwenda Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, hana budi kupima kwanza umbali, ambao ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Mji huo upo katika uwanda wa juu wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni ya baridi, na mahindi, maharage na ulezi hulimwa kwa wingi. Kwa kuwa masoko makubwa yako mbali, mara nyingi bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno.

Hali hiyo humnufaisha mwenye mshahara anayenunua chakula, lakini humuumiza anayehamia huko ili alime na kuuza. Saruji, mabati na bidhaa nyingine za viwandani nazo hubeba gharama za usafirishaji.

Barabara ya lami kutoka Tunduma imepunguza adha ya safari wakati wa mvua. Hata hivyo, hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300.

Kwa hiyo, mwenye mshahara wa uhakika ana sababu ya kuhama. Mwenye kuuguza nyumbani na atafakari sana kabla ya kufunga mizigo.