Ukoo wa Habimana haupo

Tulimalize leo. Swali huja kwa sura mia lakini ni lilelile: “Jina la ukoo wetu ni Habimana (au Niyonzima, au Sibomana), asili yake ni wapi, na watu wake wametawanyika hadi wapi?” Mara nyingi huambatana na ramani iliyopakuliwa mtandaoni: Rwanda imekolezwa rangi nyekundu, Burundi imepauka kidogo, Kivu ya Kaskazini na Kisoro zina madoadoa, na Brussels na Montreal nukta mbili tatu. Chini ya ramani, kwa ada ndogo, unauziwa cheti chenye ngao na simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma. Jibu fupi ni kwamba Habimana si jina la ukoo, halina kijiji lilikochipuka, na wanaoitwa hivyo hawakutawanyika kutoka popote. Jibu refu ndilo hili.

Ramani hizo hazikubuniwa na mjinga. Zilitungwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza, na huko zinafanya kazi. Chukua jina ambalo watu wa Rubavu na Musanze wamelisikia kwa sababu ya gorila: Attenborough. Ni jina adimu hata kwao. David Attenborough, aliyerekodiwa mwaka 1978 akiwa amekaa katikati ya gorila wa Virunga, analibeba kwa sababu baba yake Frederick alilibeba. Na Frederick alizaliwa Stapleford, mji mdogo wa Nottinghamshire, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka kijiji kiitwacho Attenborough kando ya mto Trent. Hivyo ndivyo majina ya aina hiyo yalivyozaliwa katika zama za kati: mtu alihama, wenyeji wapya wakamwita kwa jina la alikotoka, jina likaganda, mwana akalirithi, mjukuu akalirithi, na makanisa, yaliyoamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko, yakaweka kumbukumbu. Sensa ya 1881 inaonyesha majina mengi adimu yakiwa bado yamejibanza karibu na yalikoanzia. Kisha mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester wakachapisha uchunguzi wa kromosomu Y za wanaume wenye majina 40 ya Kiingereza. Wenye majina adimu, Attenborough wakiwemo, kwa kiasi kikubwa walionekana kutoka kwa babu mmoja. Wenye jina Smith, yaani mhunzi, hawakuhusiana zaidi kuliko watu wawili waliokutana sokoni, maana kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Masharti ya ramani, basi, ni matatu: jina lirithiwe, lisibadilike, na liwe lilianza na watu wachache. Ondoa sharti la kwanza tu, na ulichobaki nacho ni karatasi iliyopakwa rangi. (Ile ngao ya simba, kwa taarifa yako, ni ulaghai hata huko. Chuo cha Nembo cha London, kilichoanzishwa mwaka 1484, kinasema wazi kwamba nembo hupewa mtu na wazao wake. Hakuna nembo ya jina.)

Sasa rudi kwetu. Kwa desturi ya Rwanda jina halirithiwi, hutungwa. Mtoto aliitwa jina siku ya nane, na jina hilo lilikuwa lake peke yake. Kaka yake wa tumbo moja alipata jingine na baba yao alikuwa na la tatu. Tena mara nyingi si neno, ni sentensi. Habimana ni ha-ba-Imana, yaani Mungu yupo. Ile ha- ya mwanzo ni ndugu wa pa- ya Kiswahili, ile tunayoisikia katika “pamelala wageni”, ndiyo maana Hakizimana ni “anayeokoa ni Mungu” na Harerimana ni “anayelea ni Mungu.” Niyonzima ni ni yo nzima, “ndiye aliye hai.” Msemaji wa Kiswahili hahitaji hata mkalimani kwa Sibomana: si bo Mana, si wao Mungu. Hapo ndipo mwenye akili timamu anapaswa kuuliza swali la maana, ambalo si “ukoo huo unatoka wapi” bali “wao ni nani?” Ni majirani waliosema mama huyo hatazaa? Ni wakwe? Ni tajiri aliyekuwa akimdai baba? Mtoto ndiye anayelibeba jina, lakini anayesema ni mzazi na anayeambiwa mara nyingi ni mtu wa ng’ambo ya ua. Wanawake wa pwani wanalielewa jambo hili vizuri zaidi kuliko wauza ramani, kwa sababu wanavaa kanga: maandishi yako mwilini mwa mmoja, ujumbe unamwendea mwingine. Hajatokea mtu akachora ramani ya ukoo wa wenye kanga ya maandishi fulani. Alexandre Kimenyi aliyachambua majina ya Kinyarwanda na Kirundi kwa mtazamo wa namna hiyo katika kitabu kizima mwaka 1989, na Philippe Ntahombaye alikuwa ameshayafanyia kazi majina ya Burundi mwaka 1983. Siyo siri ya juzi.

Ukiitaka hoja kwa ushahidi wa karibu zaidi, tazama mapacha. Kwa desturi wa kwanza kutoka ni Gakuru, wa pili ni Gato, mkubwa na mdogo. Wamelala tumbo moja, wamezaliwa saa moja, na kwa hesabu ya tovuti za majina ni koo mbili tofauti zenye asili mbili tofauti. Wakati huohuo Gakuru wa Gisenyi na Gakuru wa Huye, ambao hawajawahi kuonana wala babu zao hawakuonana, wanahesabiwa ndugu. Au tazama Nyandwi na Minani. La kwanza linatokana na saba, la pili na nane, na hupewa mtoto wa saba na wa nane kuzaliwa. Ramani ya “ukoo wa Minani” ni ramani ya nyumba zilizojaliwa watoto wanane. Inaweza kumfaa mtaalamu wa uzazi, si mtafuta asili. Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao wa kila siku: kina Juma wamejaa kutoka Kigoma hadi Lamu, na hatujasikia kwamba walisambaa kutoka mahali fulani. Mmoja alizaliwa Ijumaa, mwingine naye Ijumaa, basi. Linganisha na Mazrui, jina linalorithiwa kweli: hilo ukilifuata litakutoa Mombasa, ambako wenye jina hilo walitawala hadi mwaka 1837, likurudishe Oman. Kwa jina kama hilo ramani ni chombo halali.

Kuna wanaojibu kwamba huenda watu wa kawaida walikuwa hivyo, lakini wakubwa walikuwa na majina ya nasaba. Hawakuwa nayo. Mfalme Kigeli wa Nne aliyefariki mwaka 1895 aliitwa Rwabugiri. Mwanawe aliyeondolewa na Wabelgiji mwaka 1931 aliitwa Musinga. Wana wa Musinga waliotawala baada yake waliitwa Rudahigwa na Ndahindurwa. Vizazi vitatu vya nyumba moja ya Wanyiginya, nyumba iliyotunza nasaba yake kwa wivu kuliko nyingine yoyote nchini, na hakuna jina lililotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mutara, Kigeli, Mibambwe na Yuhi yalikuwa majina ya kiti, yakirudi kwa zamu kila kiti kilipokaliwa na mwingine. Kama wafalme hawakuwa na jina la ukoo, mkulima wa Kanama angelitoa wapi?

Kosa la kuyaona majina haya kuwa ya ukoo lilianza na kisanduku cha fomu. Mapadri walipofungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, na maofisa walipoanza kuandika watu, daftari la Kizungu lilikuwa na nafasi mbili: jina la ukoo na jina la mtu. Jina la ubatizo lilienda kwenye nafasi moja, na sentensi ya Kinyarwanda ikasukumwa kwenye ile nyingine kwa sababu haikuwa na pengine pa kukaa. Mambo ni hayohayo leo: indangamuntu, yaani kitambulisho cha Rwanda, huyaandika majina yote kwenye mstari mmoja chini ya neno “Amazina,” lakini pasipoti, kwa kufuata kanuni za usafiri wa kimataifa, inataka kuyagawa. Vuka mpaka wa Petite Barrière uingie Kongo na hadithi inabadilika tena, kwa kuwa Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972 aliwaachia Wakongo ile “postnom” (jina la ziada linalofuata lile la kwanza) inayowachanganya maofisa wa visa mpaka kesho. Ndugu wawili, mmoja wa Gisenyi na mmoja wa Goma, wanaweza kuwa na karatasi zisizofanana hata kwa herufi, na bado wakawa ndugu.

Imani iliyo mbaya zaidi kuliko ramani ni ile ya mtu anayejidai kusikia jina na kutaja “asili” yako: huyu wa kule, huyu wa damu fulani. Hapa uvumilivu wangu ndio huishia. Majina ya Kinyarwanda hayakuwahi kubeba habari hiyo, na ushahidi umo katika historia yenyewe. Utawala wa Kibelgiji ulipotaka kuwagawa watu katika miaka ya 1930 ulilazimika kuandika neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa ndani ya kitambulisho, kwa kuwa jina halikulisema, lugha haikulisema, wala koo hazikulisema. Marcel d’Hertefelt alipochapisha utafiti wake wa koo za Rwanda mwaka 1971 alionyesha kwamba Wasinga, Wazigaba, Wagesera, Wega na wenzao wana watu wa makundi yote matatu ndani yao. Na mwaka 1994, vizuizini, wauaji walidai kadi. Kama jina lingetosha wasingeihitaji. Mstari huo ulifutwa kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari. Anayejaribu kuuandika upya kwa kunusa majina hana elimu yoyote anayoitumia.

“Lakini Munya- si ndiyo Mnya-?” huuliza mwenye Kiswahili chake, akisikia Munyaneza na kufikiria Mnyamwezi na Mnyarwanda, kisha kutafuta kwenye ramani mahali panapoitwa Neza. Munyaneza ni mtu wa wema. Munyakazi ni mtu wa kazi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba yapo majina yanayosikika sana upande mmoja wa nchi kuliko mwingine, nami sipingi. Mitindo ya majina huenea kama mitindo ya nywele, kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani, na kuenea kwake kunaeleza nani alikaa karibu na nani, si nani alimzaa nani. Vilevile mpaka uliochorwa kwa mkataba wa Brussels mwaka 1910 ulipita katikati ya watu wanaosema sentensi zilezile, na kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi, upande wa Kongo, maelfu ya Wanyarwanda. Kwa hiyo Habimana wa Masisi anaweza kuwa amehamia na anaweza kuwa mwenyeji, jina halitakuambia. Kuhusu vipimo vya vinasaba: kromosomu Y hurithiwa Rwanda kama inavyorithiwa Nottinghamshire, ila hapa haina jina la kutembea nalo, hivyo wenye jina lako watakaotokea kwenye orodha ya maabara wametokea kwa bahati.

Nakubali jambo moja. Ughaibuni, na siku hizi hata Kigali, wazazi wengi wanampa mtoto jina la baba kama la ukoo. Ni uamuzi halali, na mjukuu wao wa mwaka 2100 ataweza kuchora ramani yake akitaka. Itaanza na babu aliyetua uwanja wa ndege wa Zaventem na masanduku mawili, na haitakwenda nyuma zaidi ya hapo.

Kwa anayetaka asili yake kweli, haraka haraka: acha jina, fuata watu. Andika ibisekuru, mwene fulani wa fulani wa fulani, kadiri mzee wako anavyovikumbuka, na usimsahihishe anaporuka kizazi, muulize mzee wa pili. Uliza ukoo wa baba (huo hurithiwa) na ndege au mnyama aliye ishara yake. Uliza kilima, si wilaya, kwa maana Rubavu kama wilaya ni ya 2006. Kama familia ilibatizwa mapema, omba kwa adabu kuona daftari za parokia: Save ni ya 1900, Nyundo 1901, Rwaza 1903, tafuta kwa jina la baba na la mama, usitafute kwa “jina la ukoo,” na tarajia tahajia ya padri Mfaransa au Mjerumani. Jamaa wa Masisi waulize walifika mwaka gani na waliongozana na nani. Ukiwa Ulaya na unasajili mtoto, amua mapema jina gani linakwenda kisanduku gani kisha usiligeuze, maana kubadili baadaye ni safari ya ofisi hadi ofisi. Usilipie cheti. Na kama aliyekupa jina bado yuko hai, mwendee yeye kwanza, umuulize siku ile alikuwa akimjibu nani.